Mama mstaafu ametozwa ada ya kila ukurasa kwa taarifa ya akaunti ya karatasi: je, tuna ulinzi gani?

Mkazi wa Sakina, Arusha (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa mambo ya benki au sheria, kwa sababu jambo lenyewe ni dogo kwa kiasi cha fedha lakini limeninyima raha wiki nzima.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 71, anaishi Marangu. Pensheni yake huingia katika benki ambayo ina tawi Moshi mjini. Ana faili la kijani ambamo ametunza taarifa zake zote tangu alipofungua akaunti hiyo, na kila baada ya miezi sita hushuka Moshi kuchukua nyingine. Akirudi nyumbani huvaa miwani, huchukua kalamu nyekundu na kuweka alama ya vema kwenye kila mstari anaoutambua, na alama ya kuuliza kwenye ule asioutambua. Kwa njia hiyo hiyo, miaka kadhaa iliyopita, aligundua makato ya bima ambayo hakuwahi kuyaomba, akarudishiwa.

Mwezi uliopita alishuka kama kawaida na kupewa kurasa 9. Akiwa bado stendi, simu yake ilipokea ujumbe kwamba amekatwa shilingi 21,240. Alinipigia akidhani ameibiwa. Tulipofuatilia tukaelezwa kwamba ni shilingi 2,000 kwa kila ukurasa, yaani 18,000, na juu yake VAT ya asilimia 18. Ninazo kurasa hizo mezani ninapoandika. Ukurasa wa kwanza una nembo, anwani na mistari michache tu. Wa mwisho una mistari mitatu na tangazo la mkopo wa wastaafu. Katikati, kila mara mama alipotoa fedha, muamala huo mmoja umechukua mistari mitatu: kiasi alichotoa, ada ya kutoa, na kodi ya ada hiyo. Maana yake makato ndiyo yanayoirefusha taarifa, kisha urefu wa taarifa unazaa makato mengine, ambayo nayo yatachapishwa kwenye taarifa ijayo.

Karani alimweleza kwa adabu kabisa kwamba angeipata taarifa hiyo bure kwa barua pepe au kwenye programu ya simu. Mama ana kitochi na hana barua pepe. Karani akapendekeza itumike barua pepe ya mtoto, yaani yangu. Mama alikataa, na ninamwunga mkono ingawa mtoto mwenyewe ni mimi: hataki wanawe wasome anampa nani nini, na anasema anao wastaafu wenzake ambao fedha zao zilianza kwa kusomwa na watoto, zikaishia kuliwa na watoto.

Ninachotaka kujua ni kama benki inaruhusiwa kumtoza mteja kwa kumwonyesha habari za fedha zake mwenyewe, na kama mtu asiye na simu janja ana unafuu wowote. Zaidi ya yote, nataka kujua pa kuanzia kulalamika bila kuweka wakili, kwa maana wakili atanigharimu zaidi ya hizo 21,240.

Karani Mstaafu, Moshi

Msalimie sana mama, na umwambie asiliache faili lake la kijani. Nilikaa kaunta miaka mingi kabla ya kustaafu, na wateja wa namna yake ndio waliotufanya tuwe makini.

Nianze na historia kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaamini karatasi imekuwa huduma ya ziada siku zote. Zamani taarifa ya akaunti ilitumwa kwa posta, kwenye sanduku la barua la mteja, bila yeye kuiomba. Hakuna aliyeuliza bei ya karatasi wala ya stempu, kwa kuwa gharama hiyo ilikuwa ndani ya ada ya uendeshaji wa akaunti. Bahasha ziliondoka, lakini ada ya uendeshaji haikuondoka. Hilo ndilo ambalo ningependa mwenye benki yeyote alieleze mbele ya wateja.

Ada hii haijapangwa kwa kupima wino na karatasi. Imepangwa ili watu wapungue kaunta. Makao makuu huhesabu dakika ambazo karani anatumia kwa kila mteja, na kuchapa taarifa, kuipiga muhuri na kuisaini kila ukurasa huchukua muda. Kwa hiyo huduma inawekewa bei ya kumfanya mteja afikirie mara mbili. Kwa mwenye simu janja mpango huo hufanya kazi. Kwa mama yako hauna pa kumsukumia, kwa sababu hana njia nyingine ya kwenda.

Sasa mambo ya kufanya. Kila tawi lina mwongozo wa ada, na kwa kawaida hubandikwa ukutani au huwekwa mezani kwa huduma kwa wateja. Usome mstari wa taarifa ya akaunti neno kwa neno, kwa maana kuna tofauti kubwa kati ya "kwa taarifa", "kwa ukurasa" na "kwa nakala ya ziada", na makarani wapya huzichanganya. Uliza pia akaunti ya mama ni ya aina gani. Zipo benki zenye akaunti maalumu za wastaafu ambazo ada zake ni nafuu, lakini mteja wa zamani hahamishiwi huko mpaka aombe mwenyewe. Na safari nyingine, kabla karani hajabonyeza kitufe cha kuchapa, mama aulize zitakuwa kurasa ngapi na zitagharimu kiasi gani. Mashine inaonyesha idadi ya kurasa kabla ya kuchapa, kwa hiyo asiambiwe kwamba haijulikani.

Kitochi nacho kina menyu ya benki inayoonyesha salio na miamala michache ya mwisho. Siipendekezi kama mbadala, kwa sababu haifiki hata mwezi mmoja nyuma na mara nyingi nayo ina ada yake, lakini inafaa kwa kuhakikisha kama pensheni imeingia bila kupanda gari.

Kijana wa Njiro

Poleni na usumbufu, na kwa heshima ya mzee aliyetangulia naomba nitofautiane kidogo. Mimi tangu nifungue akaunti sijawahi kuchapishiwa hata ukurasa mmoja. Mashine ya kuchapa, matengenezo yake, karatasi na mshahara wa karani ni gharama za kweli. Zikiingizwa katika ada ya jumla, mimi nisiyetumia karatasi nitakuwa namlipia anayeitumia. Je, si haki zaidi kila mtu abebe mzigo wake?

Mkazi wa Sakina, Arusha

Ndugu yangu wa Njiro, hoja yako nimeifikiria, na ingekuwa na nguvu zaidi kama bei ingefanana na gharama. Nilikwenda steshenari karibu na Soko la Kilombero nikaulizia bei ya kuchapa ukurasa mmoja wa rangi nyeusi, nikaambiwa shilingi 200, na mwenye duka hilo analipa kodi ya pango, umeme na kijana wa kazi, kisha anabaki na faida. Benki inatoza mara kumi ya hapo, mbali na VAT. Wewe nawe, usiyetumia karatasi, unakatwa ada ileile ya uendeshaji ambayo zamani ilibeba bahasha za kila mteja. Sijasikia kwamba ilipunguzwa wateja wa aina yako walipoacha karatasi.

Mwanasheria, Kijenge

Nitajaribu kujibu swali la msingi, nikitanguliza kwamba haya ni maelezo ya jumla na si ushauri juu ya hati ambazo sijaziona.

Msifikirie kwamba ada ni haramu kwa sababu tu inahusu habari za mteja mwenyewe. Benki zetu hujipangia ada, tofauti na mamlaka za maji au shirika la umeme, TANESCO, ambazo bei zake hupitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kinga ya mteja wa benki imejengwa zaidi juu ya uwazi na kutendewa kwa haki, na msingi wake kwa sasa ni Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Kwa hiyo maswali ya kuuliza katika shauri la mama ni kama aliijua ada hiyo kabla haijakatwa, kama iliandikwa kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaielewa, na kama mabadiliko ya ada alifahamishwa kwa njia inayomfikia. Tangazo lililotumwa kwa barua pepe kwa mtu asiye na barua pepe ni vigumu kuliita taarifa. Ujumbe wa makato uliomkuta stendi nao ulikuja baada ya fedha kukatwa.

Wengi hukimbilia Tume ya Ushindani, na ni kweli kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Lakini kwa mambo ya benki, njia iliyonyooka ni kuanza na benki yenyewe kwa maandishi, kisha, ikiwa jibu haliridhishi au halikuja, kwenda Benki Kuu, ambayo ina utaratibu wa kupokea malalamiko ya wateja na ina tawi hapa Arusha. Benki Kuu itauliza kwanza kama benki ilipewa nafasi ya kujibu, ndiyo maana barua ya kwanza ni muhimu kuliko hasira ya kwanza. Iandikwe nakala mbili, na nakala ya mama igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Hakuna hatua yoyote kati ya hizo inayohitaji wakili.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayompa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi. Sipendi kuitegemea sana katika suala hili, kwa kuwa haikutungwa kwa ajili ya taarifa za akaunti, lakini inamsaidia mama mahali pamoja: hakuna sababu ya kumlazimisha apitishe habari za fedha zake kwenye barua pepe ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mtoto wake wa kumzaa.

Kwa kuwa mmegusa suala la nani abebe gharama, nchi nyingine zimelijibu kwa namna ambazo zinafaa kutazamwa. Kanada ilibadilisha sheria zake mwishoni mwa mwaka 2014 na kuzikataza kampuni za simu, intaneti na televisheni kumtoza mteja kwa kumpa ankara ya karatasi. Katazo hilo halikuwahusu watoa huduma wa kila aina, ni wa mawasiliano na utangazaji. Jimbo la New York nchini Marekani lina kifungu katika sheria yake ya biashara kinachokataza kumtoza mlaji ada ya ziada kwa sababu amechagua ankara ya karatasi, lakini kinaruhusu mfanyabiashara kutoa punguzo kwa anayechagua ya kielektroniki. Binafsi naona mlango huo wa punguzo ni mpana mno, kwa maana mwenye hesabu kali anaweza kupandisha bei ya wote kwanza, kisha akampunguzia asiyetaka karatasi, na mwenye karatasi akajikuta palepale. Hata hivyo una faida moja: bei ya juu inatangazwa mbele ya watu wote, haijifichi kwenye makato.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya Umoja wa Ulaya. Maelekezo yao ya huduma za malipo ya mwaka 2015 yanasema mtoa huduma hatamtoza mteja kwa habari anazotakiwa kisheria kumpa. Mteja akiomba habari za ziada, za mara nyingi zaidi, au kwa njia tofauti na ile iliyo kwenye mkataba, wanaweza kukubaliana ada, lakini ada hiyo iwe ya kiasi na ilingane na gharama halisi. Nchi mwanachama inaweza hata kuagiza kwamba taarifa ya karatasi itolewe bure angalau mara moja kwa mwezi. Kipimo hicho cha gharama halisi ndicho kinachojibu hoja ya kijana wa Njiro bila kumwumiza mama wa Marangu: anayetumia karatasi alipe karatasi, asilipe adhabu ya kutokuwa na simu janja.

Niongeze jambo moja ambalo halisemwi. Sehemu ya hitaji la karatasi haisababishwi na wazee. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilikwishasema kwamba kumbukumbu haikataliwi kwa sababu tu ni ya kielektroniki, lakini ukienda kuomba viza, mkopo au hata nyumba ya kupanga, bado utaambiwa ulete taarifa ya akaunti yenye muhuri wa mviringo na saini kila ukurasa. Msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu kwa fomu namba 5 ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, na akaunti ya marehemu haiwezi kufunguliwa kwa programu ya simu ambayo laini yake imezimwa. Hapo karatasi haichaguliwi na mtu, inadaiwa. Kumtoza kwa ukurasa mjane aliyetumwa na mahakama ni jambo ambalo nimelishuhudia, na sijalizoea.

Mhasibu wa SACCOS, Kibosho

Nimefurahishwa na mjadala huu kwa kuwa na sisi tulikuwa na mgogoro wa namna hiyo, ingawa wetu ni chama kidogo cha akiba na mikopo, na wanachama wengi ni wakulima wa kahawa na ndizi. Tulikuwa na madaftari ya wanachama, yale ya jalada gumu, ambamo kila akiba na kila rejesho la mkopo liliandikwa kwa mkono na kusainiwa mbele ya mwanachama. Tulipoingiza mfumo wa kompyuta, bodi ilipendekeza madaftari yafutwe na anayetaka taarifa ya karatasi alipie. Katika mkutano mkuu bibi mmoja alisimama akiwa ameshika daftari lake na kuuliza kama kuanzia siku hiyo atakuwa anamwamini mhasibu au anaiamini mashine, kwa maana kwa daftari alikuwa anaamini macho yake. Mhasibu mwenyewe ni mimi, nikatazama chini.

Tulikubaliana kwamba kila mwanachama atapata taarifa moja ya karatasi bila malipo kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, na ya ziada ni shilingi 500 kwa taarifa nzima, iwe na kurasa mbili au kumi. Sidanganyi kwamba ni bure. Gharama inatoka kwenye ziada ambayo ingegawanywa kwa wanachama, na wao wenyewe ndio waliopiga kura hivyo. Faida niliyoiona, ambayo sikuitegemea, ni kwamba makosa mengi ya uingizaji wa marejesho yamegunduliwa na wazee waliosoma karatasi zao, siyo na mfumo wala na mimi.

Nitoke kidogo kwenye benki nigusie bili ya maji, kwa kuwa tatizo ni la ukoo mmoja. Siku hizi bili huja kwa ujumbe wa simu pamoja na namba ya malipo, na hakuna anayetozwa kwa hilo. Lakini nina ndugu aliyepanga Pasua, na ujumbe huo huenda kwa mwenye nyumba aliyeko Dar es Salaam, ambaye humtumia mpangaji kiasi cha kulipa tu. Usomaji wa mita wa mwezi huu na wa mwezi uliopita mpangaji hauoni. Karatasi iliyokuwa ikichomekwa getini ilisomwa na anayetumia maji. Ujumbe unasomwa na mwenye namba iliyosajiliwa. Nimemshauri aende ofisini akaombe nakala iliyochapishwa, na kama atatajiwa ada, aombe kuonyeshwa ilipo katika bei zilizopitishwa na EWURA. Ikiwa haipo hapo, hana sababu ya kuilipa.

Mkazi wa Sakina, Arusha

Ndugu zangu, nawashukuru wote, na mzee Karani Mstaafu nakupa shikamoo ya pekee kwa sababu ushauri wako wa kusoma neno kwa neno ndio uliofungua mlango.

Jumatatu nilichukua basi hadi Moshi, mama akashuka kutoka Marangu, tukakutana tawini. Mwongozo wa ada ulikuwa umebandikwa nyuma ya mlango ambao muda wote huwa wazi, hivyo kuusoma ilibidi tuufunge mlango huo, na mlinzi akatuuliza tunatafuta nini. Mstari wenyewe unasema hivi: "Taarifa ya akaunti, nakala ya ziada, shilingi 2,000 kwa ukurasa." Mama, akiwa na kalamu yake nyekundu mkononi, alimwuliza ofisa wa huduma kwa wateja nakala ya kwanza ya miezi hiyo sita ilitolewa lini na alikabidhiwa nani, ikiwa hii ya kurasa 9 ndiyo ya ziada. Ofisa alijibu kwamba ya kwanza ni ile ya kielektroniki ambayo mfumo huituma kila mwezi. Tukaomba tuonyeshwe imetumwa kwenye anwani ipi. Alifungua kumbukumbu za mama, na sehemu ya barua pepe ilikuwa tupu.

Tuliitwa ofisini kwa meneja, ambaye alituheshimu na hakubishana. Alisema tafsiri ya neno hilo inatoka makao makuu na hawezi kuiamua peke yake, lakini anaona hoja yetu. Kuhusu akaunti ya wastaafu, ipo, na mama amejaza fomu ya kuhamia huko. Ada ya uendeshaji itapungua, ila ada ya kurasa ni ileile. Barua yetu ameipokea, nakala yetu ina muhuri na tarehe, na ameahidi jibu la maandishi. Likichelewa au likiwa la kukataa, nitaipeleka nakala hiyo Benki Kuu hapa Arusha kama alivyoelekeza ndugu mwanasheria, na nitarudi hapa kuwaeleza.

Tukiwa tunaaga, meneja alimwuliza mama angependa jibu lije kwa njia gani. Mama alisema kwa barua ya karatasi, kisha akauliza kama nayo itatozwa kwa ukurasa.